Rangi Ilikuwa na Bei Kabla ya Kopo

Kabla ya kopo kulikuwa na jiwe. Bibi yangu mzaa mama, mtu wa Pangani, alikuwa na msio wake, bapa la tumbawe lililolika katikati kwa kusuguliwa miaka mingi. Alilidondoshea marashi kidogo, akashika kipande cha mti wa liwa, akasugua polepole mpaka likatoka rojo zito, kisha akatupaka usoni sisi wajukuu tuliotokwa na vipele vya joto. Likikauka uso hubana kidogo, hunukia, hupoa. Ukinawa, rangi uliyozaliwa nayo iko pale pale.

Mwari wa harusi alifanyiwa zaidi. Aliwekwa ndani, na somo wake akamsinga kwa singo: asumini, waridi, langilangi, mrehani, mpompia, liwa na karafuu, vitu vilivyotwangwa na kulowekwa kwa marashi. Mwili ulisuguliwa mpaka taka zikaviringika na kudondoka mkekani. Baada ya hapo hina, wanja, udi. Mwana Kupona binti Mshamu wa Pate, alipomtungia bintiye utendi wa mawaidha mwaka 1858, hakuona haya kuchanganya dini na adabu na mambo ya hina, wanja na manukato. Bibi yangu hakuwa mshairi, ila na yeye alikuwa na kauli yake: kusinga ni kumtoa mtu taka, hakumtoi mtu rangi.

Mimi ni msusi. Nina saluni Ngamiani, Tanga, na nimeshika vichwa vya wanawake tangu enzi za ruksa. Wanaokuja kunihoji habari za mkorogo wa kujichubua hupenda niwaambie kwamba bibi zetu walijipenda walivyo, na kwamba maradhi haya yaliletwa na Mzungu na televisheni. Siwapi raha hiyo. Weupe ulikuwa na bei pwani hii kabla Mjerumani na Mwingereza hawajatawala hata shubiri ya mchanga wetu.

Shahidi wangu ni Salme, binti wa mtawala Seyyid Said bin Sultan, aliyezaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Mama yake alikuwa suria wa Kisharkasi, wa kutoka milima ya Kaukasi, aliyetekwa angali mtoto. Salme alikuja kuolewa na Mjerumani, akaitwa Emily Ruete, na mwaka 1886 akachapisha kumbukumbu zake. Humo anasimulia jinsi masuria wa Kisharkasi walivyojitenga na wale wa Kihabeshi, na jinsi watoto wa Kihabeshi walivyowaita ndugu zao wa Kisharkasi "paka", kwa kuwa baadhi yao walikuwa na macho ya buluu. Baba mmoja, kasri moja, na bado watoto wanapimana rangi. Nje ya kasri mambo yalikuwa wazi zaidi. Mwanamke wa Kihabeshi aliyetafutwa kuwa suria aliuzwa kwa fedha nyingi kuliko mwanamke wa bara aliyepelekwa shambani kuchuma karafuu. Dalali hakuwa na haja ya kumhubiria mtu uzuri wa rangi fulani. Alitaja bei, na kila aliyekuwepo sokoni, aliyenunua na aliyenunuliwa, alisikia.

Utumwa uliondolewa nguvu ya sheria Unguja mwaka 1897, lakini masuria waliachwa nje ya amri ile hadi 1909. Watu walivua kaniki, nguo iliyomtambulisha mtumwa, wakavaa kanga. Nguo ilivulika. Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba katika ukoo wa watumwa, aliuza vyungu, akaingia mjini, akawa mwimbaji wa kupelekwa hadi Bombay mwaka 1928 kurekodi santuri. Hata hapo wapinzani wake walimtungia nyimbo za kumkumbusha kaniki na kumcheka sura. Siti alijibu kwa wimbo, na jibu lake limeishi kuliko matusi yao. Sawa. Lakini wanawake waliochekwa sura walikuwa wengi, na Siti alikuwa mmoja.

Wakoloni hawakuikuta bei hiyo wakaifuta. Waliipangia madaraja. Tanganyika ya Mwingereza ilikuwa na shule za Wazungu, za Wahindi na za Waafrika, hospitali vivyo hivyo, mishahara vivyo hivyo. Mtoto aliyekulia hapo hakuhitaji kufundishwa mara ya pili rangi ipi inakaa kivulini.

Kopo lenyewe la krimu lilikuja kwa njia ya ajabu. Krimu za zebaki zilianza kwa kuuzwa Ulaya na Marekani, kwa wanawake wa Kizungu waliotaka kuondoa madoa ya jua usoni. Wateja wa kwanza wa kujichubua walikuwa weupe tayari, jambo ambalo hunichekesha kila nikilikumbuka. Kisha mwaka 1939 madaktari wa Marekani wakachapisha habari za wafanyakazi wa kiwanda cha kutengeneza ngozi ambao mikono yao ilitoka mabaka meupe. Walipofuatilia, waliikuta sababu ndani ya glavu za mpira: kemikali ya jamii ya haidrokwinoni, iliyotiwa ili mpira usichakae. Inazuia ngozi isitengeneze weusi wake. Haukupita muda mrefu, ajali ile ya kazini ikawa bidhaa.

Afrika Kusini ndiko biashara ilikonawiri. Chini ya ubaguzi, rangi ilikuwa kitambulisho, kibali cha kazi na anwani ya kuishi, kwa hiyo soko lilikuwa limeshatayarishwa na sheria. Ndugu mapacha Abraham na Solomon Krok walitajirika kwa krimu hizo. Baadaye waliingia kwenye kasino, na ni kampuni yao ya kasino, katika masharti ya kupata leseni, iliyojenga Makumbusho ya Apartheid kule Johannesburg, yaliyofunguliwa mwaka 2001. Naomba msomaji asidhani natania. Mwaka 1975 madaktari wa huko huko walikuwa wameshaeleza haidrokwinoni inamfanyia nini mtu baada ya miaka: ngozi inageuka nyeusi ya kibuluu, inakuwa ngumu, inajaa vipele vidogo vyeusi mashavuni na chini ya macho. Mtumiaji akijiona hivyo hudhani dawa haijamtosha, anaongeza.

Kwetu, katika miaka ya 1960, krimu iliyokuwa midomoni mwa watu ilikuwa Ambi. Shangazi yangu alikuwa karani wa kupiga chapa katika ofisi moja Dar es Salaam, msichana wa Tanga mwenye rangi ya maji ya kunde na kasi ya vidole ambayo wenzake waliionea wivu. Alinisimulia mwenyewe, uzeeni, akiwa amekaa kwenye kiti changu cha draya. Anasema katika ofisi ile wasichana weupe walikaa mbele, walikopokelewa wageni, na weusi walikaa nyuma kwenye mafaili. Hakuna aliyeandika kanuni hiyo mahali. Mwenzake mmoja alianza Ambi Januari, na kufikia sikukuu ya Sabasaba alikuwa amekaa mbele. "Wewe ungefanyaje?" shangazi aliniuliza. "Mimi nilinunua kopo."

Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa chama tawala, TANU, ukatangaza Operesheni Vijana. Kuanzia tarehe 1 Januari 1969 ilikuwa marufuku kuvaa minisketi, wigi na suruali za kubana, na marufuku kutumia krimu za kujichubua. Vyote viliwekwa kapu moja: kasumba, utamaduni wa kigeni, aibu kwa taifa huru. Hata siku yenyewe haijafika, Kariakoo kukachafuka. Makundi ya vijana wa kiume yaliwavizia wanawake vituo vya mabasi, wakawashusha, wakawachania nguo, mpaka polisi wakaingilia. Magazeti yakajaa barua wiki baada ya wiki, za kuunga mkono na za kupinga. Wapinzani waliuliza swali ambalo mpaka leo sijalisikia likijibiwa vizuri: ikiwa minisketi ni kosa kwa kuwa si mila yetu, mbona wakati huo huo serikali inawalazimisha Wamasai kuacha mavazi yao na kuvaa suruali? Msichana wa mjini alikosa kwa kuonyesha mwili kisasa, Mmasai akakosa kwa kuuonyesha kiasili, na hakimu wa wote wawili alikuwa mwanamume aliyevaa shati la mikono mifupi.

Shangazi hakuchaniwa nguo. Alihamishia krimu yake kwenye kopo la Blue Band, akaendelea. Sketi huonekana, alisema, na wigi huvutika, lakini krimu utaikamata vipi? Ilibidi umtazame mtu uso na kukisia, na wapo waliozaliwa weupe waliosumbuliwa bure. Kilichomuuma ni kitu kingine, na alikisema bila kupandisha sauti, huku natoa rola za mwisho kichwani mwake: "Mkubwa wa ofisi alituchagua kwa macho asubuhi. Jioni kijana wa TANU anatuadhibu kwa kuchaguliwa vile. Hakuna hata mmoja aliyepanda ngazi kwenda kumuuliza mkubwa."

Nimeyatafuta maelezo mengine ya Operesheni Vijana, na kila nikisoma narudi kwenye ngazi hizo. Orodha ya marufuku ilitaja vitu vya kuvaa na vya kupaka. Haikumtaja anayepanga viti.

Waandishi wa wakati ule hawakuwa na huruma zaidi. Mhusika wa kawaida alikuwa msichana wa mjini, kajipaka, kajikwatua, anastahili kuchekwa. Okot p'Bitek wa Uganda, katika Song of Lawino ya mwaka 1966, alimpa mke wa kijijini ulimi mkali wa kumkejeli Clementine, mwanamke wa kisasa wa poda na midomo myekundu. Nimecheka kama kila mtu. Ila mtu anisomee tena: Lawino anapomaliza kumkejeli Clementine, anamgeukia nani? Anamgeukia mumewe, Ocol. Yeye ndiye aliyechagua. Mke yule asiyejua kusoma aliona kilichowapita vijana wa TANU wenye rungu.

Wakati siasa inabishana, figo zilikuwa zikifa. Mwaka 1972 madaktari wa Nairobi walichapisha uchunguzi wao kuhusu watu wazima 60 waliovimba mwili kwa figo kuvujisha protini. Asilimia 53 walikuwa wakitumia krimu za kujichubua zenye zebaki. Miongoni mwa wagonjwa wengine wa wodini, watumiaji walikuwa asilimia 11 tu. Ngozi haikuwa mlango uliofungwa. Kilichopakwa shavuni kilikuwa kikiteremka mpaka kiunoni.

Na baada ya krimu ikaja sabuni. Hapa nawaomba mnifuate Mwanza. Katika miaka ya 1990 Daktari Masazumi Harada wa Japani alikuja Ziwa Viktoria. Huyu ndiye aliyetumia maisha yake kuwatetea watu wa Minamata, ghuba ambayo kiwanda kilimwaga zebaki baharini, samaki wakala, watu wakala samaki, watoto wakazaliwa na ulemavu. Alikuja kwa sababu ya dhahabu: wachimbaji wadogo wanatumia zebaki kukamatia chembe za dhahabu, na alitaka kujua kama sumu imefika kwa wavuvi na watu wa mjini. Yeye na wenzake wakapima watu nywele. Baadhi ya waliokutwa na zebaki nyingi kupita kiasi hawakuwa na uhusiano wowote na machimbo, na samaki hawakutosha kueleza viwango vile. Walikuwa wanaogea sabuni ya kujichubua. Sabuni hizo zilitoka viwanda vya Ulaya, nchi ambazo kwao kuuza kitu hicho kulikuwa kumekatazwa, lakini kukitengeneza kwa ajili ya kusafirisha kukavumiliwa. Mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki ulipotiwa saini Japani mwaka 2013, ulipewa jina la Minamata, na vipodozi vikawekwa ndani yake. Harada alikuwa amefariki mwaka mmoja kabla.

Nilipofungua saluni, enzi hizo za ruksa, milango ya biashara ilikuwa imeshafunguliwa. Waliokuwa wamepanga foleni ya kipande cha sabuni ya kufulia mwanzoni mwa miaka ya 1980 walikuta Kariakoo, mtaa wa Kongo, meza zimejaa losheni za kila rangi, zilizoandikwa Kifaransa, zikipita Kigoma na Bukavu na kwingineko. Mashindano ya urembo, yaliyozimwa mwishoni mwa miaka ya 1960, yalirudi mwaka 1994. Kanda za muziki wa Kinshasa zilituletea wacheza shoo wenye nyuso zinazong'aa. Hapo kopo likaonekana polepole mno, na mkorogo ukazaliwa: mtu ananunua losheni hii, na tyubu ile ambayo daktari huiandika kwa ukurutu, na kingine cha kufulia nguo, anachanganya kwenye beseni na kugawa kwenye vichupa visivyo na jina. Vipimo siwaandikii. Wako wachanganyaji walioheshimika mtaani kama mafundi cherehani, na wateja wao walipanga zamu.

Kazi yangu inanionyesha kinachofuata, kwa sababu msusi huona shingo, masikio na vidole ambavyo kioo cha nyumbani hakimwonyeshi mwenyewe. Uso hukubali kwanza. Vifundo vya vidole hukataa, vinabaki vyeusi, na sasa kuna biashara nzima ya kuuza dawa ya sugu za vidole. Watani wa mtaani wakabuni lao: uso Fanta, mikono Coca-Cola. Baadaye ngozi inakuwa nyembamba, mishipa inasomeka, michirizi inatokea mapajani, jua la saa nne linachoma kama la saa saba. Manesi huwaonya wajawazito kwamba ukifika upasuaji, ngozi iliyochubuliwa haishiki nyuzi vizuri na kidonda huchelewa. Nimewasikia wateja wakilisimulia hilo kwa kunong'ona, halafu wakaniuliza kama najua losheni ya kurudisha ngozi.

Watafiti waliowahoji wanawake wanaojichubua Dar es Salaam, ambao matokeo yao yalichapishwa mwaka 2011, walikuta sababu kadhaa. Kuondoa chunusi. Kufanana na Mzungu. Kumridhisha mume au mpenzi. Na moja ambayo mimi ningeiweka juu kabisa: kuondoa madhara ya kujichubua kwenyewe. Anayeanza kwa sababu ya chunusi anaendelea kwa sababu ya mabaka, na anayejaribu kuacha huwa mweusi wa madoadoa kuliko alivyokuwa, wiki ya harusi ya mdogo wake ikiwa mlangoni. Hapo hata mimi na mdomo wangu wote hunyamaza.

Serikali haikulala. Sheria ya Chakula, Dawa na Vipodozi ya mwaka 2003 ilianzisha mamlaka iliyosaka vipodozi vyenye viambato sumu. Tangu 2019 kazi ya vipodozi iko kwa Shirika la Viwango, TBS. Nchini Rwanda, ambako nako huuita mukorogo, polisi walizunguka madukani baada ya Rais Kagame kulitaja jambo hilo hadharani mwishoni mwa 2018. Maboksi yanakamatwa, yanapigwa picha, yanachomwa dampo. Sipingi. Zebaki ni sumu, na atakayeiondoa dukani simlaumu. Ila natazama picha zile za maofisa wamesimama kando ya moshi, na aliyekamatwa ni mama wa kibanda mwenye katoni tatu, na naona ni mwaka 1969 ule ule, ngazi za mkubwa bado hazijapandwa.

Vijana wa sasa wameshahama kidogo. Rangi hutengenezwa na simu kabla picha haijatumwa. Ombi linalokuja saluni ni shepu: nyonga, kiuno, tumbo. Kwanza zilikuja dawa za Kichina za kuongeza makalio, vidonge na mafuta ya kupaka, na sasa upasuaji wa kupunguza mafuta na kurekebisha mwili unafanyika hapa hapa nchini, hospitalini Mloganzila, hakuna haja ya kupanda ndege kwenda Uturuki au India. Afadhali daktari mwenye leseni kuliko beseni, hilo nakubali. Lakini naisikiliza lugha ya wanaoulizia, na bado ni ya madalali: nikifanya hivi, nitapata nini?

Juzi aliingia mama mmoja wa makamo, namheshimu, anamtafutia mwanawe mchumba. Wasusi huulizwa sana mambo haya, sisi tunajua nani ana nywele zake na nani ana za dukani. Alitaja jina la binti mmoja anayekuja kwangu kusuka, mwalimu wa sekondari, mpole, anasali, anajua kupika bokoboko.

"Yote hayo nimeyasikia," akasema. "Ila niambie wewe uliyemshika, shoga. Ni mweupe wa kuzaliwa au wa kopo?"

Nikamwambia binti ni mweusi, mweusi wa bibi yake, na hajapaka kitu.

Akashusha pumzi. "Basi. Nilitaka mweupe."

"Na mwanao je?" nikamuuliza. "Ana rangi gani?"

Alinitazama kama nimemuuliza mwanawe anavaa gauni la kipimo gani. Akacheka, akaokota mkoba wake.

"Hee! Mwanamume naye huulizwa rangi?"